Kuutembelea Lagos, mji wa bandari wa Ureno: mwongozo kamili

Ukiandika jina Lagos kwenye tovuti ya tiketi za ndege, jibu utakalopewa ni Nigeria. Jiji lile la Afrika Magharibi lilipewa jina hilo na Wareno, na Lagos nyingine iko kwao Ureno: mji mdogo wa bandari kusini kabisa mwa nchi, katika mkoa wa Algarve, kwenye mlango wa mto Bensafrim. Hauna uwanja wa ndege wa abiria. Tiketi yako iandikwe Faro, au Lisbon.

Wageni wengi huenda Lagos kwa ajili ya fukwe, na fukwe zake ni nzuri kweli. Ila sisi tuliokulia Mji wa Kale wa Mombasa, Malindi, Kilwa au Unguja tuna sababu nyingine. Ni kwenye bandari hii, katika karne ya 15, ambako merekebu za Wareno zilikuwa zikitoka kuteremka pwani ya Afrika, kila mwaka mbele kidogo, mpaka mwaka 1498 Vasco da Gama akatia nanga Mombasa na Malindi. Sisi tumeisoma hadithi hiyo kuanzia mwisho wake. Lagos inakuonyesha mwanzo. Ndiyo maana ninakusihi uanze na mji, bahari ije baadaye: siku ya kwanza mjini, ya pili baharini, ya tatu rasi ya Sagres. Usiku tatu zinatosha.

Makaratasi

Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, inayoruhusu kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180. Sheria inakuruhusu kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Siku 15 usizitegemee hata kidogo. Miadi hujaa, hasa kuelekea kiangazi cha Ulaya, kwa hiyo anza miezi mitatu kabla.

Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukinyimwa viza hairudishwi. Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Utatakiwa pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa za benki, barua ya kazi au ya biashara, mahali pa kulala na mpango wa kurudi nyumbani. Tiketi ya ndege shikilia nafasi tu, usilipe mpaka viza itoke; na hoteli chagua inayokubali kufutwa bila gharama. Kama utapita nchi kadhaa za Schengen, omba kwenye nchi utakayolala siku nyingi zaidi.

Anayeishi nchi ya Schengen kwa kibali cha ukaazi hahitaji viza nyingine. Aliye Uingereza, Oman au Marekani kwa pasi ya Afrika Mashariki bado anaihitaji, na huombea huko huko anakoishi. Kuanzia Oktoba 2025 mipaka ya Schengen ilianza kuchukua alama za vidole na picha ya uso badala ya kugonga muhuri, na foleni zinaweza kuwa ndefu. Usikate tiketi ya treni inayoondoka muda mfupi baada ya ndege kutua.

Uende lini

Mei, Juni, na kuanzia katikati ya Septemba hadi Oktoba. Julai na Agosti mji hujaa, bei za vyumba hupanda mno, na kwenye ufuo mdogo kama Camilo hupati hata pa kutandika leso. Novemba hadi Februari kuna mvua na baadhi ya mikahawa hufungwa, ingawa jua bado hutoka na mji hubaki wa wenyeji.

Jambo moja ujiandae nalo: maji ni baridi. Hiyo ni Atlantiki, na pepo za kaskazini za kiangazi husukuma maji ya juu na kuyaita ya kilindini yapande. Hata Agosti bahari huwa karibu na nyuzi 20 hadi 22. Aliyezoea kuoga Nyali au Nungwi atashtuka. Ingia polepole.

Kufika

Kutoka Lisbon kuna njia mbili, na zote huchukua kama saa nne. Basi huenda moja kwa moja. Mengi huondokea vituo vya Sete Rios na Oriente. Treni ni ya shirika la reli la taifa, CP: unapanda iendayo Faro, unashuka Tunes na kuingia treni ya mkoa hadi Lagos. Ukinunua tiketi mapema kwenye tovuti ya CP bei hushuka sana. Mwenye mizigo mingi au watoto wadogo achukue basi, maana ngazi za treni ya mkoa na muda mfupi wa kubadilishia huko Tunes vitamchosha.

Ukitua Faro, panda basi la mji mpaka stesheni ya reli, kisha treni ya mkoa hadi Lagos, chini kidogo ya saa mbili. Hiyo ndiyo njia niipendayo. Kaa upande wa kushoto. Treni hupita Silves, huvuka mto Arade pale Portimão, na mwishoni hukimbia sambamba na Meia Praia, ufuo wa mchanga wenye urefu wa kilomita nne hivi, bahari ikiwa upande wako. Reli ilifika Lagos mwaka 1922, na hapo ndipo inapoishia, kwa hiyo huwezi kupitiliza.

Stesheni iko ng'ambo ya mto. Toka, pita katikati ya marina, vuka daraja la waenda kwa miguu ambalo huinuliwa mashua zikipita, nawe utakuwa kwenye barabara ya mitende iitwayo Avenida dos Descobrimentos. Pinda kushoto kufuata maji, na baada ya dakika kama kumi utafika uwanja wa Praça do Infante. Teksi haina haja. Ila masanduku ya magurudumu yatakusumbua: njia za Lagos zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa vilivyolainishwa na nyayo za miaka mingi, na asubuhi vikiwa na umande huteleza kama sabuni. Njoo na viatu vyenye soli ya kushika.

Siku ya kwanza: mjini

Anza hapo hapo uwanjani, kwenye nyumba ya pembeni yenye matao. Inaitwa Mercado de Escravos, soko la watumwa.

Tarehe 8 Agosti 1444 zilitia nanga Lagos merekebu zilizoongozwa na Lançarote de Freitas, zikiwa na mateka 235 waliokamatwa pwani ya Arguin, sehemu ambayo leo ni Mauritania. Waliteremshwa alfajiri ili kukwepa joto, wakasimamishwa kwenye kiwanja nje ya mji, wakagawanywa mafungu. Mwandishi wa habari za mfalme, Gomes Eanes de Zurara, aliandika yaliyotokea: mama wakijitupa chini kuwafunika watoto wao kwa miili yao, ndugu wakikimbiliana kutoka fungu hadi fungu, na watu wa mji waliokuja kutazama wakaingiwa na simanzi. Infante Henrique, mtoto wa mfalme aliyeziruhusu safari hizo, alikuwepo juu ya farasi wake. Fungu lake lilikuwa watu 46.

Nyumba unayoiona si ya mwaka 1444. Mgawanyo ule ulifanyika mahali pa wazi, na jengo lililosimama leo ni la baadaye. Lakini hapa ndipo mji ulipoamua kuikumbuka habari hiyo, na tangu mwaka 2016 ndani yake kuna makumbusho ya njia ya utumwa. Ni padogo. Jipe saa nzima hata hivyo, na uende asubuhi kabla ya makundi ya watalii. Makumbusho hufungwa Jumatatu, na siku nyingine hufunga wakati wa chakula cha mchana, kwa hiyo panga ziara yako kwa kuzingatia hilo.

Kitakachokushika zaidi humo ni habari za Vale da Gafaria. Mwaka 2009, wafanyakazi walipokuwa wakichimba ardhi ili kujenga maegesho ya magari nje ya kuta za zamani, waliikuta mifupa ya watu zaidi ya 150, wanawake, wanaume na watoto, wenye asili ya Afrika. Walikuwa wametupwa jalalani mwa mji kati ya karne ya 15 na ya 17. Baadhi yao mikono ilikuwa imekaa kama iliyofungwa. Mifupa ilipelekwa Chuo Kikuu cha Coimbra kuchunguzwa, na maegesho yakajengwa. Mahali panaitwa Anel Verde, mwendo mfupi kutoka katikati ya mji. Juu pana bustani na kiwanja cha gofu ndogo ya kuchezea familia.

Nenda ukapaone. Mimi nilikaa kwenye nyasi, nikasoma Fatiha kimya kimya, na kila nilipoinua macho niliona mpira mweupe ukiviringika kuelekea kishimo chake. Aliyewahi kushuka kwenye vyumba vya chini vya Mkunazini, Unguja, anajua uzito huo kifuani. Unguja soko lilifungwa mwaka 1873 na palipokuwa soko pakajengwa kanisa kuu. Hapa watoto wa watalii wanashindana kwa vijiti vya gofu. Sisemi wao wana kosa. Nasema wewe uwe umefika ukijua.

Rudi uwanjani umtazame Infante Henrique mwenyewe: sanamu yake, ameketi, ilisimamishwa mwaka 1960. Kutoka matao ya soko hadi miguuni pake ni hatua chache tu.

Kisha panda kwenda kanisa la Santo António, unaloliingia kupitia makumbusho ya mji, Museu Dr. José Formosinho. Nje ni ukuta mweupe wa kawaida ambao ungeupita bila kugeuka. Ndani, kuta zimefunikwa mbao zilizochongwa na kupakwa dhahabu, malaika na majani na wanyama, kuanzia juu ya vigae vya buluu mpaka darini. Simama katikati, usiwe na haraka, chagua kipande kimoja cha ukuta ukubwa wa mlango, ukichunguze peke yake. Utaona nyuso ambazo hukuziona mwanzo. Mtakatifu mwenyewe aliandikishwa kuwa askari wa kikosi cha Lagos mwaka 1668, na baadaye akapandishwa cheo kuwa kapteni.

Kanisa kwa Kireno ni igreja. Neno hilo ndilo lililotupa sisi gereza, na Kilwa Kisiwani ngome ya pwani bado inaitwa Gereza. Ukitembea Lagos na masikio wazi utakutana na maneno mengi ya nyumbani: meza ni mesa, leso ni lenço, mvinyo ni vinho, foronya ni fronha. Jioni moja nilisimama nyuma ya wazee wanne waliokuwa wakicheza karata kwenye benchi la barabarani. Sikujua Kireno cha kutosha kuomba chumvi, lakini mchezo niliufuata: trunfo ni turufu, copas ni kopa, espadas ni shupaza, ouros ni uru, na paus ni pau. Mmoja aliniona midomo yangu ikitaja karata kabla haijatupwa, akasogea kunipa nafasi ya kukaa.

Katika Praça Gil Eanes kuna sanamu nyingine, kazi ya João Cutileiro ya mwaka 1973: mfalme Sebastião, uso wa kitoto, amevaa deraya. Aliondokea Lagos mwaka 1578 kwenda kupigana Morocco, akafa Alcácer Quibir akiwa na miaka 24 bila mtoto. Miaka miwili baadaye taji la Ureno likaangukia mikononi mwa mfalme wa Hispania. Hiyo ndiyo sababu Fort Jesus, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ilijengwa chini ya mfalme wa Hispania ingawa askari wake walikuwa wa Ureno. Mimi nilikuwa nimeipita ngome ile maelfu ya mara bila kuunganisha mambo hayo mawili.

Usishangae kwamba mji mkongwe hivi una nyumba chache za zamani sana. Tarehe 1 Novemba 1755 tetemeko kubwa la ardhi na mawimbi yaliyofuata viliibomoa Lagos, iliyokuwa mji mkuu wa Algarve. Kuta za mji bado zipo kwa sehemu kubwa. Zifuate kushuka hadi Forte da Ponta da Bandeira, ngome ndogo ya karne ya 17 iliyosimama ukingoni mwa maji, yenye daraja la kuingilia na kanisa dogo la vigae vya buluu. Bandeira huna haja ya kutafsiriwa. Ni bendera.

Kula

Nenda kwanza soko la samaki, Mercado Municipal, kwenye Avenida, asubuhi kabla ya saa nne. Jengo ni la mwaka 1924. Utawakuta pweza (polvo), ngisi (lulas), dome (choco), jodari (atum), na dagaa wakubwa waitwao sardinhas ambao huwa wanono kuanzia Juni. Wakati wa mchana tafuta mkahawa wenye jiko la mkaa nje, uagize sardinhas assadas: huja wazima, na chumvi ya mawe, viazi na saladi. Huliwa kwa mkono bila aibu.

Cataplana ni chungu cha shaba chenye mfuniko wa bawaba, ambamo samaki, kamba na kombe hupikwa kwa mvuke wao wenyewe. Aghalabu hupikwa kwa watu wawili, na mara nyingi hutiwa mvinyo mweupe au soseji ya nguruwe. Asiyekula hivyo aulize kabla: «Tem porco? Tem vinho?» Samaki wa kuchoma ndio salama zaidi. Kuku wa piri-piri utamjua kwa jina lake tu.

Ukikaa mezani utaletewa mkate, zeituni na jibini kabla hujaagiza. Si zawadi, huitwa couvert na hulipiwa. Huvitaki, sema «não, obrigado», na mwanamke aseme «obrigada», virudishwe. Mwisho, onja Dom Rodrigo, kitamu cha Lagos cha nyuzi za kiini cha yai na lozi, kilichofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Ni kitamu kupita kiasi. Kahawa chungu isiyo sukari ndiyo mwenzake.

Siku ya pili: baharini

Hapa mtu wa pwani ana faida kuliko mtalii wa bara. Lagos ina kupwa na kujaa kama kwetu, na bamvua yake hutofautisha maji kwa zaidi ya mita tatu. Kwa hiyo kabla ya chochote, tazama ratiba ya maji ya siku hiyo kwenye simu: *maré baixa* ni kupwa, *maré alta* ni kujaa. Maji yakipwa unaweza kupita chini ya miamba kutoka ufuo mmoja kwenda mwingine, kwa mfano kati ya Praia da Batata na Praia dos Estudantes. Yakianza kujaa, rudi mara moja. Kila kiangazi kuna wageni wanaozingirwa na maji kwa kutolijua hilo.

Panga hivi. Asubuhi mapema, kabla upepo wa kaskazini haujaamka, chukua mashua ndogo au kayaki kwenda Ponta da Piedade, rasi ya miamba ya rangi ya asali iliyotobolewa na bahari kuwa mapango, matao na nguzo. Mashua huondokea marina na Avenida. Chagua ndogo, kwa sababu kubwa haziingii mapangoni. Nahodha atakuonyesha tembo, ngamia, sebule na jiko. Ndivyo walivyoyapa majina mawe yao. Maji yakiwa yamepwa kiasi, miguu ya miamba huonekana na jua hupenya mpaka mchangani, kijani chake kinafanana na cha mkondo wa Lamu saa ya asubuhi.

Mchana tembea kwa miguu juu ya majabali kutoka mjini hadi kwenye mnara wa taa wa Ponta da Piedade, uliojengwa mwaka 1913. Ni kama kilomita tatu, sehemu kubwa ya njia imejengwa kwa mbao, nawe utapita juu ya fukwe za Dona Ana na Camilo. Camilo hushukwa kwa ngazi za mbao takriban 200, na kupanda tena kunamtaka mtu awe na maji ya kunywa.

Usikae wala kutandika chini ya jabali, hata kama kivuli kinakuita. Mawe haya ni laini na huporomoka bila onyo: mwaka 2009 watu watano walikufa kwenye ufuo wa Maria Luísa, karibu na Albufeira, mkoa huu huu. Bendera ya kijani ni ruhusa ya kuoga, ya manjano ni kutoogelea, nyekundu ni kutoingia majini kabisa. Mwenye watoto aende Meia Praia, ambako mchanga ni mpana na jabali hakuna. Mabasi ya mji, yaitwayo A Onda, hufika huko.

Siku ya tatu: Sagres

Basi kutoka Lagos hadi Sagres huchukua kama saa moja. Tazama saa ya basi la kurudi kabla hujashuka, maana si mengi. Sagres ni upepo, ngome yenye ukuta mmoja mrefu, na majabali yanayokatika wima hadi baharini. Utaambiwa kwamba Henrique alikuwa na chuo cha mabaharia hapo. Wanahistoria hawajapata ushahidi wa chuo hicho. Kilomita sita mbele kuna Cabo de São Vicente, ncha ya kusini-magharibi ya Ulaya. Vaa koti hata Julai.

Vitu vidogo

Soketi za Ureno ni za pini mbili za duara. Chaja zetu za pini tatu za mraba zinahitaji adapta. Pesa toa kwenye mashine zenye alama ya Multibanco, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya kwenu, kataa, chagua euro. Ukikodi gari, usiache kitu chochote kinachoonekana ndani yake kwenye maegesho ya fukweni. Ukiingia dukani salimia kwanza, «bom dia» asubuhi na «boa tarde» baada ya adhuhuri. Wareno, kama sisi, huona vibaya mtu kuanza na shida yake kabla ya salamu.

Siku ya kuondoka ikiwa Jumamosi, wahi soko la wakulima karibu na kituo cha mabasi uchukue tini kavu na lozi za kupeleka nyumbani. Hazina uzito na hazivunjiki. Kisha vuka tena lile daraja hadi stesheni, na safari hii kaa upande wa kulia.